Salamu Zisizo na Haraka

Kolwezi, 14 Januari 2024

Kwa mwipwa wangu Abigaël,

Nakusalimu mara ya kwanza kwa jina la Mungu, mara ya pili kwa jina la nyumba yetu, na mara ya tatu kwa jina la mama yako, ambaye hawezi tena kukusalimu mwenyewe. Huku tungali wazima. Mvua ni nzuri, mahindi ya nyuma ya nyumba yamenipita kimo, na wiki iliyopita treni ilipita kuelekea Dilolo. Sisi makarani wastaafu wa stesheni tulitoka nje kuitazama kama harusi. Mke wangu Ernestine anakusalimu. Magoti yanamsumbua, mdomo haujambo.

Umenitumia ujumbe kwenye simu ukiuliza habari za kilio, na sikukujibu. Simu ni ya kuuliza bei ya unga. Neno la kifo kwetu hupita kwa mujomba, mdomo kwa mdomo, na kama ni mbali, kwa mkono wake mwenyewe kwenye karatasi. Ndivyo babu yako alivyonifundisha, na wewe utanivumilia. Barua hii anaileta jirani yetu Banza, yule anayeendesha lori la kobalti hadi bandari ya Durban na hulala Johannesburg njiani.

Basi neno lenyewe. Kilio cha mama yako hakijaondolewa. Baba yako François bado yuko katika nguo nyeusi, hajanyoa, analala chini, hampi mtu mkono. Ukoo wake umekuja kuniomba nimfungue. Nimekataa. Mwenye dada ni mimi, na mimi ndiye ninayesema kilio kinaisha lini. Hakiishi hadi mtu akae kwenye mkeka mbele ya koo zote mbili, aseme kilichomuua Domitille.

Na mtu huyo namjua, ni Daktari Tshibangu, mwenye kliniki ya ukuta wa kijani. Mama yako aliingia pale kwa miguu yake kutolewa uvimbe. Kidonda kikaoza, na sindano kali kuliko zote zikawa maji tu. Sasa muuguzi wake, Tatiana, ameniambia kwamba wanawake wawili walioza katika chumba kilekile kabla ya dada yangu. Tatiana aliomba chumba kifungwe. Daktari alisema wakioshe kwa Javel, ile dawa ya kufulia, wamlete anayefuata.

Siku za kilio alituletea mbuzi na kreti za bia. Mbuzi nilimrudisha. Bia ilikuwa imekwisha kunywewa nilipofika, unisamehe.

Wewe unashinda katika maabara ile kubwa, na najua usaha wa mama yako ulipelekwa kwenu. Niambie ni nini kilichomuua dada yangu. Nipe neno lenye meno.

Mujomba wako ambaye naye hajanyoa,
Kalumba


Johannesburg, 25 Februari 2024

Mujomba Kalumba,

Napiga makofi kukusalimu kama nilivyofundishwa. Mwenzangu wa chumba, dada mmoja mpole wa hapa, anadhani naua mbu. Afya ninayo, kazi ni nyingi, chakula cha hapa bado sijakizoea. Mpe pole Mama Ernestine kwa magoti, na mpongeze kwa mdomo. Barua yako imechelewa kwa sababu Banza alikaa mpakani Kasumbalesa kwenye foleni ya malori hadi akaota ndevu.

Umeniomba neno lenye meno, nami ninalo. Usaha wa mama ulipitia maabara ya Lubumbashi ukafika kwetu kwa njia halali, ndani ya sanduku la barafu. Mkuu wangu aliniuliza kama nitaweza kuufanyia kazi au ampe mwingine. Nilimwambia asiponipa mimi, naacha kazi.

Bakteria waliomla mama wana kitu kinachoitwa kimeng'enya. Kichukulie kama mkasi. Kazi yake ni kukata dawa kabla dawa haijafanya lolote, na makali yake ni chembe mbili za zinki zilizokaa mdomoni mwake. Ndiyo maana sindano zile zilikuwa maji. Mkasi huu huenea pale dawa kali inapotolewa ovyo kwa kila kikohozi, na pale chumba kibovu kinapoachwa wazi. Kwa hiyo Tatiana hakukudanganya.

Sisi hapa tunatengeneza molekuli ndogo za kuingia katika mdomo wa mkasi na kuishika zinki isifanye kazi tena. Ugumu ni kwamba mwili wa mtu nao una vimeng'enya vyake vyenye metali, vya damu, vya pumzi, vya mifupa. Molekuli yenye uchu hunyang'anya kila mahali. Mwezi wa kumi na mbili nilipata moja iliyoua bakteria wote, na panya wote pia. Natafuta ile inayomjua adui mmoja tu.

Zinki haina rangi, hivyo huwezi kuiona ikishikwa. Basi tunaing'oa na kuweka kobalti mahali pake, kwa kuwa kobalti ina rangi, na molekuli ikiishika rangi hubadilika. Ndiyo, Mujomba, kobalti. Chupa imeandikwa jina la mji wa Ulaya, lakini mimi na Banza tunajua ilikotoka.

Mkuu wangu huandika kwenye ripoti kwamba tunafanya haya kwa ajili ya wanadamu wote. Aandike. Mimi kila asubuhi naingia pale na hasira, na hasira ndiyo inayonikalisha hadi jioni.

Jambo la mwisho ni lako peke yako. Molekuli yangu itachukua miaka kabla ya kuitwa dawa. Lakini katika kupima nimeona kwamba bakteria wa mama wanakufa kwa dawa mbili ambazo zipo tayari, zikitiwa mshipani pamoja. Ya kwanza mkasi wa zinki hauwezi kuikata, na ya pili huzuia mikasi mingine waliyo nayo. Hospitali za hapa Johannesburg zinazo. Mwezi wa kumi, mama alipokuwa anaoza, sikujua.

Majina yake sikuandikii. Tshibangu akiyahitaji siku moja, aje kwanza kwenye mkeka.

Binti wa dada yako,
Abigaël


Kolwezi, 3 Aprili 2024

Kwa mwipwa wangu Abigaël,

Salamu nyingi, na za Pasaka pia, japo zimepita. Kwaya iliimba vizuri, isipokuwa Mzee Mwamba aliyetangulia wenzake kama kawaida yake. Mahindi tumevuna. Baba yako amekonda. Jumapili alisimama nje ya mlango wa kanisa hadi misa ikaisha, maana mtu mwenye kilio haketi na watu, na nilipompita alitazama chini. Namhurumia shemeji yangu. Lakini huruma haijawahi kumfanya daktari aseme ukweli.

Barua yako niliisoma mpaka nikaikariri. Kisha nikavaa koti langu la stesheni, nikachukua wazee wawili wa ukoo, tukaenda kliniki. Nilimweleza Tshibangu habari ya mkasi na zinki, yote, mbele ya wagonjwa wake waliokuwa wakingoja kwenye benchi. Nikamwambia kwamba mwipwa wangu anajua dawa mbili zinazoua bakteria wake, na kwamba bei ya majina yake ni mkeka.

Alicheka. Alisema vijidudu haviko kwake tu: «Tata Kalumba, ba microbe iko kila fasi. Mi niko docteur, hapana Mungu. Kwenda na mukeka yako.»

Niliondoka. Lakini watu wa kwenye benchi walikuwa wamesikia, na Kolwezi ni mji wenye masikio. Sasa wanawake hawaendi tena kujifungulia pale. Tatiana ameacha kazi. Nimeambiwa chumba kile kiko kitupu, kitanda kimetandikwa na hakuna wa kukilalia. Naambiwa pia kwamba daktari ananitukana kila anapokunywa. Mficha maradhi kilio humfichua, nami nitakipiga kilio hiki hadi kisikike Fungurume.

Usiyaandike yale majina. Umefanya vizuri.

Mwenye dada,
Kalumba


Johannesburg, 19 Mei 2024

Mujomba,

Makofi yangu uyapokee. Ni mzima hapa, baridi imeanza, nimenunua koti kubwa ambalo ungelicheka. Baba mwambie avumilie. Sikumwandikia yeye kwa sababu sijui nimwambie nini kingine.

Habari yangu ni moja. Wiki mbili zilizopita niliweka molekuli mpya kwenye kimeng'enya chenye kobalti, na rangi ikabadilika mbele ya macho yangu. Imeshika. Tukaijaribu kwa bakteria wa mama wenyewe, tukiwapa na dawa ileile iliyoshindwa kumponya, na asubuhi hakukuwa na hata mmoja aliye hai. Panya wanakula na kutembea. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilibaki na sahani ndogo ya bakteria nikawaambia wale wadudu waliokufa jina la mama, kwa sauti, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nina mgeni.

Nimefurahi kusikia chumba kiko kitupu. Nilisoma mstari ule mara nyingi. Kikae kitupu, na yeye akitazame kila siku.

Abigaël


Kolwezi, 2 Julai 2024

Kwa mwipwa wangu mpendwa Abigaël,

Leo nina nafasi, kwa hiyo nitakusalimu kama mtu anavyopaswa kusalimiwa. Habari za afya? Habari za koti? Habari za yule mwenzako anayedhani unaua mbu? Hapa vumbi la kiangazi limeanza, malori yanalimwaga hadi ndani ya sufuria. Ernestine amepata mafuta ya kupaka magoti kutoka kwa mfanyabiashara wa Dilolo, yananuka sana lakini anasema yanafanya kazi. Mtoto wa Mzee Mwamba ameposa msichana wa Kisenge, mzuri, mrefu kuliko yeye, na ukoo mzima unajadili viatu atakavyovaa bwana harusi. Nyanya zimestawi. Paa la jikoni nimelibadilisha bati moja, yale mengine yatangoja. Namshukuru Mungu kwa yote.

Sasa, kuna kaneno kadogo.

Mwezi uliopita gari la Daktari Tshibangu lilipinduka kwenye barabara ya Fungurume. Mguu ulivunjika vibaya. Walitaka kumkimbiza Lubumbashi, akakataa. Alisema apasuliwe kwake, katika chumba kilekile, ili mji mzima uone kwamba Kalumba ni mwongo. Wakampasua pale.

Kidonda kinaoza. Lubumbashi walipopigiwa simu walisema hawana sindano inayoweza kitu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jana mke wake, Mama Blandine, alikuja hapa akapiga magoti kwenye vumbi. Alitaka majina ya zile dawa. Nilimpa kiti, nikampa maji, nikamwambia kwamba mumewe anaujua mkeka uliko. Akasema mumewe bado anakataa lakini yeye ananiomba. Nikamwambia nitamuuliza mwipwa wangu, maana majina anayo yeye. Akatoa simu yake akanipa nikupigie hapohapo. Nikaikunja mikono yake juu ya simu, taratibu, nikamweleza kwamba katika ukoo wetu maneno ya kifo kile hupita kwa barua.

Banza anaondoka Alhamisi, Mungu akipenda, kama tairi litakuwa limekwisha kuzibwa. Simu yangu nimeifungia sandukuni. Haraka haraka haina baraka, na wewe ujibu utakapopata nafasi.

Mujomba wako mwenye furaha,
Kalumba


Johannesburg, 24 Julai 2024

Mujomba Kalumba,

Makofi, na salamu kwa nyanya, kwa bati na kwa bwana harusi mfupi. Barua yako imenifikia jana. Nilicheka, kisha nikaisoma tena bila kucheka, kisha nikacheka tena.

Nawe ujue kitu. Siku moja kabla hujaandika, binti yao Naomie alinipigia simu. Sijui namba alipewa na nani. Alilia. Alisema ningetaja majina tu, yeye angetafuta mtu wa kuzipakia dawa kwenye ndege ya Lubumbashi. Majina yalikuwa mdomoni mwangu, Mujomba, nayajua kama ninavyojua langu. Nikamwambia, «Pita kwa mujomba wangu. Sisi neno la kifo halipiti mu telefone.» Kisha nikaifunga namba yake asinipate tena. Kumbe wewe na mimi tulisema neno moja bila kuulizana. Mama angetujua kuwa ni ndugu.

Tarehe tisa nikaona unanipigia wewe. Wewe, mwenye kusema simu ni ya bei ya unga! Nikajua Naomie amepita kwako kama nilivyomwambia, amekulegeza kwa machozi, na unataka kumwombea kwangu. Niliiacha ilie. Uliporudia niliizima kabisa, ikakaa imezimwa wiki nzima, nikalala na hasira juu yako. Sasa barua yako imenionyesha kwamba moyo wako ulikuwa mgumu kama wangu, na hasira imeisha, ingawa bado sijui ulitaka nini siku ile.

Haya, nimeridhika. Ameteseka, amelala katika chumba kile, amejua mkasi unavyokata. Sina haja ya kumzika, nina haja ya kumsikia. Kwenye karatasi ya pili nimeandika majina ya zile dawa mbili na vipimo vyake, kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa. Aletwe kwenye mkeka. Akishasema tu, mpe karatasi siku hiyohiyo. Nisingependa kuambiwa kwamba sisi ni watu tusiolipa.

Binti wa Domitille,
Abigaël


Kolwezi, 20 Agosti 2024

Abigaël,

Baba yako amenyoa. Kilio kimeondolewa. Watu wamekula. Hizo ndizo habari za nyumbani, sina nyingine.

Tarehe tisa Julai, saa za adhuhuri, wanaume wanne walimleta Tshibangu kwangu juu ya godoro. Alikuwa ameomba mwenyewe. Nilitandika mkeka uani, nikaita koo zote mbili, wakamlaza. Mguu ulinuka kuliko mafuta ya Ernestine. Alimtafuta baba yako kwa macho hadi akampata. Akasema, «Ni mi njo niliua Domitille. Nilijua chumba ni mubaya. Banamuke babili balikufa mbele yake. Nilinyamaza juu niliogopa kupoteza jina.»

Mwipwa wangu, sikudanganyi. Sijawahi kupata furaha kama ile, hata siku ya ndoa yangu. Dada yangu alikuwa amepata mdomo. Baba yako aliinamisha kichwa akalia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Kisha nikaona kwamba daktari ananitazama mimi. Alikuwa amelipa, na alikuwa anangoja.

Nikaingia ndani nikafungua sanduku. Nikakupigia. Simu ililia hadi ikanyamaza. Nikapiga tena, ikalia kidogo, kisha ikawa haipatikani. Naomie akajaribu kwa simu yake, akaniambia ulishamfungia. Nikamwomba Ernestine ajaribu kwa yake, haikupatikana. Barua yangu ilikuwa Kasumbalesa ndani ya lori la Banza, imejaa salamu.

Niliwaambia utajibu, tungoje. Tulingoja wote, ukoo wake na wetu, kwenye mkeka uleule, tukimfukuzia nzi. Hakuna aliyenitukana. Jua lilipozama wakambeba wakarudi naye. Kesho yake na keshokutwa nikakupigia tena, haikupatikana. Nilitaka kumwomba dereva mwingine akuletee neno, nikacheka mwenyewe, dereva wa kwenda wapi. Alikufa tarehe kumi na mbili.

Kwenye siku ya kuondoa kilio cha mama yako, Mama Blandine alikuja. Sikumwalika. Alileta unga, akasalimia kila mtu, akawasaidia wanawake kuosha vyombo, akaondoka. Kijiko changu nilikirudisha sahanini.

Jumanne iliyopita Banza akaniletea barua yako. Niliisoma, nikaona tarehe tisa uliyoiandika. Ile karatasi ya pili Ernestine alisema niichome. Sikuweza. Uliandika kwamba akishasema apewe siku hiyohiyo, naye alishasema. Nikavaa koti langu nikaipeleka.

Mama Blandine hakusoma shule. Aliishika karatasi, akaigeuza, akanirudishia, akasema nimsomee. Nikamsomea jina la kwanza. Nikamsomea la pili. Nikamsomea vipimo. Akauliza, «Tata Kalumba, hii dawa inatokaka kule na kufika huku mu siku ngapi?»

Nikamwambia kwa ndege ni siku moja.

Akasogeza kiti chake karibu na changu, akafunga macho, akasema, «Soma tena.»

Nikasoma.

Kalumba